Mkwe Mbele, Mkwe Nyuma: Siku Nne kwa Kayaki kutoka Mkoani hadi Wete

Kabla ya kuondoka

Kayaki hii, mtumbwi mwembamba wa kupigwa makafi, niliinunua Mkoani, hapa kisiwani Pemba, kwa mgeni mmoja aliyekuwa akirejea kwao. Ni ya plastiki, rangi ya machungwa, ina urefu wa kiasi cha mita 5, viti viwili vinavyofuatana, na usukani mdogo wa nyuma unaoendeshwa kwa miguu kwa pedeli mbili. Mimi ninakaa Wete, na nilikuwa nimekwisha kupatana na mwenye gari la mizigo anifikishie. Baba mkwe wangu ni mvuvi mstaafu ambaye nyumba yake haiko mbali na bandari ya Mkoani, na wiki ile ile alikuwa aende Wete kwa binti yake ili goti lake likaonwe na daktari. Alipozipata habari za gari aliuliza, kwa sauti ya chini aliyonayo siku zote, tangu lini chombo cha majini kikapakiwa garini na bahari ipo. Nikamjibu kwamba njia ya majini siijui. Akasema kwamba yeye anaijua. Baada ya hapo hapakuwa na namna ya kukataa bila ya kumvunjia heshima.

Kilichotukwaza mwanzo hakikuwa bahari, kilikuwa viti. Katika vyombo vyetu nahodha hukaa nyuma, kwenye shetri, penye usukani, na huko ndiko baba mkwe alikokaa katika miaka yote ya uvuvi wake. Pedeli za kayaki zinataka magoti mawili yanayokunja na kukunjua, naye analo moja. Isitoshe, mimi ni mzito kuliko yeye, na kayaki ikielemewa mbele huzamisha pua na kukataa kushika njia. Kwa kila hesabu ilibidi yeye akae mbele na mimi nikae nyuma. Nilimweleza haya kwa maneno ya kuzunguka sana, nikilitaja goti mara moja tu, tena haraka. Alinyamaza, akaiangalia kayaki kutoka omo hadi tezi, kisha akasema, "Basi safari hii mimi ni mzigo."

Wazungu wana mzaha kwamba kayaki ya watu wawili ni chombo cha talaka, kwa vile mume na mke huingia wakiwa wamoja na kutoka wakiwa hawasemezani. Sikuuona mzaha huo kuwa na uzito wowote kwangu. Mke humtolea mumewe neno kali asubuhi na jioni wakala sahani moja. Mtu na mkwewe hawana mlango huo. Lisilosemeka baina yao hukaa pale pale, likaongezeka.

Siku ya kwanza: Mkoani hadi Misali

Ulikuwa mwezi wa Novemba, tangambili, kusi limekwisha na kaskazi halijashika. Mwezi wa angani ulikuwa sita, na maji yalikuwa yakielekea kuwa mafu, jambo ambalo mzee alilitaka kwa makusudi. Siku za bamvua hapa kwetu maji huweza kupanda na kushuka kwa kiasi cha mita 4, na katika milango ya baina ya visiwa hukimbia kama mto; siku za maji mafu hutembea kwa adabu. Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, umande ukitusukuma mgongoni kutoka nchi kavu, dumu la maji la lita 20 likiwa baina yetu pamoja na mikate, sufuria, tochi na nguo zilizofungwa ndani ya mifuko ya plastiki.

Kafi la kayaki lina bapa huku na huku, kwa hiyo kila mmoja hupiga kulia na kushoto kwa zamu. Watu wawili wasipopiga kwa pamoja, bapa la mmoja hukutana na la mwenziwe hewani. Wa mbele ndiye anayepanga mwendo, kwa sababu hamwoni wa nyuma. Wa nyuma anamwona wa mbele, hivyo ni juu yake kumfuata. Papo hapo wa nyuma ndiye mwenye usukani, na wa mbele hana budi kwenda anakopelekwa. Madaraka yamegawanywa kwa namna ambayo hakuna hata mmoja anayeridhika nayo.

Baba mkwe alipiga kafi kama mtu aliye katika mtumbwi wake mwenyewe: mara tatu kulia, akapumzika, akayatazama maji kama anayasoma, mara mbili kushoto, akapumzika tena. Kabla hatujakipita kisiwa cha Makoongwe makafi yetu yalikuwa yamegongana mara nne. Kila yalipogongana nilisema, "Samahani, baba," naye akajibu, "Hapana neno," na baada ya dakika chache yakagongana tena. Nilitaka kumwomba apige kulia na kushoto bila ya kukatiza, lakini ombi lenyewe nililiandaa hivi: "Baba, kama hutojali, na kama goti halikusumbui, naona huenda ingekuwa vyema tukianza sote upande wa kulia." Lilipofika katikati, wimbi nililokuwa ninaliombea lilikuwa limekwisha kupita na jengine lilikuwa limetufika.

Yeye naye alikuwa na shaka yake. Tulipokuwa tumeiacha nchi nyuma na kisiwa cha Misali kikionekana kama kipande cha kivuli juu ya maji, alisema bila ya kugeuka, "Mkwe, kafi lako silisikii." Nilikuwa ninapiga. Nilikuwa, kwa hakika, ninapiga kuliko yeye, na mabega yalikuwa yakiniwaka moto. Nikajibu kwamba ninapiga, naye akasema, "Aha," neno ambalo kwa wanaomjua lina maana nyingi isipokuwa kukubali.

Ni safari ya kilomita 15 hivi, na tulifika karibu na saa sita mchana. Misali haina maji ya kunywa wala wenyeji. Waliopo ni walinzi wa hifadhi na wavuvi wanaopiga dago, yaani wanaokaa siku kadhaa kisiwani wakivua na kukausha samaki kabla ya kurudi makwao. Upande wa magharibi wa kisiwa hauvuliwi. Wavuvi wawili watatu walimtambua mzee tangu mbali na wakaja hadi magotini kutupokea. "Shikamoo, nahodha," walimwambia, na macho yao yakaenda kwenye kiti alichokuwa amekikalia, kisha kwenye kiti changu. Mmoja wao, kijana ambaye naamini hakukusudia ubaya, aliuliza, "Leo umekuwa abiria?" Mzee alicheka pamoja nao. Mimi nilijishughulisha na kamba.

Usiku, tukiwa tumekula changu wa kuchoma kwa mkate wa mofa, alinisimulia habari ya Nabii Hidhri, kwamba alifika hapa, akataka msala wa kusalia, ukakosekana, akasema kwamba kisiwa chenyewe kimeelekea kibla, basi kitamtosha. Nilikuwa nimekwisha kuisikia habari hiyo mara nyingi. Nilimwacha aisimulie yote, kwa sababu alikuwa akisema nami uso kwa uso, jambo ambalo tangu alfajiri halikuwezekana.

Siku ya pili: Misali hadi Kokota

Tulichelewa, na kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeuacha mfuko wa mikate nje, tumbili wakaufungua kwa ustadi kuliko mimi nilivyoufunga, na tukapoteza muda tukiwaomba wavuvi muhogo wa njiani. Tulipoingia majini ilikuwa inakaribia saa nne na maji yalikuwa yameanza kupwa.

Mzee alilijua hilo lingemaanisha nini, mimi sikulijua. Ghuba ya Chake Chake ni ndefu na yenye mikoko mingi, na maji yote yaliyoingia humo usiku sharti yatoke kwa mdomo wake yakielekea magharibi, kwenye Mlango wa bahari wa Pemba ambao kina chake kinazidi mita 800. Sisi tulikuwa tukikatiza mbele ya mdomo huo kuitafuta Ras Mkumbuu. Niliielekeza pua ya kayaki kwenye ncha ya ras na kuikaza macho, nikiamini kwamba mtu akikilenga kitu na kupiga kafi atakifikia.

Baba mkwe hakuwa akiitazama ras peke yake. Alikuwa amechagua mnazi mmoja nyuma yake na alikuwa akiangalia jinsi viwili hivyo vinavyoachana, kama wavuvi wanavyofanya kuzijua alama za miamba yao. Mnazi ulipoanza kujificha upande usiotakiwa, alijua kwamba tunachukuliwa kando. "Panda juu, mkwe," alisema. Nikaugeuza usukani kuelekea kaskazini. "Panda juu," alisema tena, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia nyumbani kwake. Nikazidisha kaskazini. Akalisimamisha kafi lake. "Juu!"

Nami nikajibu, kwa ukali ambao hata sasa ninapoandika unanifanya nitazame chini, "Juu ndiyo hii!"

Kilipita kimya cha makafi matano au sita, ya kwangu peke yangu. Kisha akainua kafi lake na kuelekeza bapa la kulia mashariki, kule maji yalikokuwa yakitokea. Hapo ndipo nilipofahamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari na kwangu juu ni kaskazini, kama ilivyo katika ramani ya ukutani. Kwake yeye juu ni kule mkondo utokako, na huko ndiko pua ya chombo inakopasa kuelekezwa ili maji yanaposukuma upande mmoja na makafi upande mwingine, chombo kishuke penye ras badala ya kuikosa. Tulikuwa tunatumia neno moja tangu asubuhi na kila mmoja alikuwa na lake.

Niliigeuza pua mashariki hadi ikaonekana kama tunarudi ghubani. Ilichukua zaidi ya saa nzima, lakini mnazi uliacha kutembea, na kidogo kidogo ukaanza kurudi mahali pake. Tukapumzika kwenye maji matulivu ya upande wa pili wa ras, ambako ndani kidogo yapo magofu ya msikiti wa zamani na makaburi ya nguzo ambayo hatukuwa na nguvu ya kwenda kuyaona. Nilimwomba radhi. Hakusema kwamba amenisamehe, alisema, "Humu ndani usiniite baba. Maneno yako marefu mno. Ukitaka twende upande wa nchi sema 'nchi', ukitaka twende upande wa maji makuu sema 'kilindi', ukitaka nipumzike sema 'acha'. Basi."

Jambo hilo lilikuwa gumu kwangu kuliko mkondo. Kumwambia mtu aliyenioza binti yake "acha", bila ya kitu mbele wala nyuma ya neno hilo, ulimi ulikuwa ukikataa. Lakini nililisema, naye aliacha, na makafi yetu hayakugongana kwa muda mrefu.

Alasiri matlai ilivuma kwa nguvu kutoka mashariki na mawimbi mafupi yakaanza kutupiga ubavuni. Kayaki, upepo ukiipiga ubavu, hutaka kuugeukia upepo huo, na miguu yangu ilikuwa imekaza pedeli moja bila ya kuiachia. Ndipo upepo ulipoinyakua kofia ya mzee. Ilikuwa kofia ya kushonwa kwa mkono, kazi ya miezi, na aliyeishona ni binti yake, yaani mke wangu. Niliiona ikipita karibu na bega langu, ikatua juu ya maji kwa mdomo wake kama kikombe, ikabaki inaelea.

"Kofia," alisema. Neno moja, kama tulivyopatana.

Kuigeuza kayaki ya mita 5 yenye watu wawili na mizigo kunataka nafasi na muda, na kwa muda huo wote tungekuwa tumeyapa mawimbi ubavu mzima. Tukipinduka, yeye angelazimika kupanda tena kwa goti lile, mimi nikiishikilia kwa upande wa pili, na upepo ukitupeleka kilindini. Niliyapima hayo yote kwa muda mfupi kuliko unaohitajika kuyaandika.

"Hapana," nilisema.

Hakuzungumza tena hadi kisiwa cha Kokota. Alipiga kafi vizuri kuliko siku ile ya kwanza, kulia na kushoto, bila ya kukatiza. Mgongo wake sikuweza kuusoma. Watu wa Kokota walitupokea kwa wema na kutupa maji ya mvua waliyoyakinga, ambayo kwao si kitu cha kutoa ovyo. Wakati wa magharibi nilimpa kofia yangu asalie. Aliipima kichwani, ikamwangukia hadi kwenye nyusi, akanirejeshea. "Kichwa chako kikubwa," alisema, akajifunga kilemba kwa taulo.

Siku ya tatu: Kokota hadi Fundo

Asubuhi mzee alisimama kando ya kayaki na kusema kwamba leo njia iko ndani ya visiwa, maji ni ya kifuani na upepo hakuna, kwa hiyo usukani wa miguu hauna kazi. Hakuomba. Nilielewa, nikaunyanyua usukani kutoka majini, nikazisukuma pedeli mbele ili anyooshe mguu wake, nikahamishia dumu na mizigo yote nyuma yake ili uzito wangu usiizamishe pua. Akakaa nyuma. Nikakaa mbele.

Mbele ni mahali pengine kabisa. Siku mbili nilikuwa na mgongo wa mtu wa kuutazama, na sasa sikuwa na kitu isipokuwa bahari, michirizi ya maji usoni, na sauti kutoka mahali nisipopaona ikisema "nchi" na "kilindi". Sikujua kama anapiga kafi au hapigi, kama ameridhika au amechoka. Kila kayaki ilipopunguza mwendo nilidhani ni yeye. Ilipoongeza nilidhani ni mimi. Baada ya nusu saa nilianza kutega sikio kulisikiliza kafi lake, na nilipolikosa nilikumbuka, kwa aibu kidogo, ile "Aha" ya siku ya kwanza.

Nilivumilia. Kisha nikajipindua kiunoni kadiri nilivyoweza na kutazama nyuma. Kafi lilikuwa limelala juu ya mapaja yake, bapa moja likigusa maji kwa ncha, na yeye alikuwa akitafuna tambuu.

"Endelea, mkwe," alisema. "Unakwenda vizuri."

Ningependa kuandika kwamba nilicheka. Nilicheka baadaye. Wakati ule nilikasirika, na hasira ilizidi nilipotazama mkia wa maji tuliouacha na kuona kwamba umenyooka kama uzi, ilhali wangu wa siku mbili ulikuwa umejipinda kama njia ya ng'ombe. Kwa ncha ile ya bapa alikuwa akifanya kazi ambayo mimi niliifanya kwa miguu miwili na jasho jingi. Tulipoingia penye maji haba karibu na Uvinje alilalamika tu kwamba kafi si upondo wa kusukumia chombo, na kwamba mtu aliyetengeneza chombo hiki hakuwahi kukwama kwenye mchanga.

Tulikwama kweli, maji yakipwa, na tukalazimika kushuka na kuibeba kayaki na mizigo kwa awamu tatu, yeye akichechemea kwa upande wa omo. Kuhusu usiku wa Fundo sina mengi: tulikula, tulilala.

Siku ya nne: Fundo hadi Wete

Alfajiri nilikuwa tayari kukaa mbele. Mzee aliutazama upepo, akauteremsha usukani mwenyewe, kisha akaenda kwenye kiti cha mbele na kukaa bila ya kusema kitu. Sikuuliza.

Mvua ya vuli ilitukuta katikati, nzito na ya moja kwa moja, hata Wete ikapotea mbele yetu na kubaki harufu ya karafuu tu. Tulipiga kafi ndani yake bila ya kuonana wala kusikilizana, na nadhani ndiyo sehemu tuliyokwenda vizuri kuliko zote. Makafi yaligongana mara moja. Sikuomba samahani, naye hakusema hapana neno.

Mke wangu alikuwa ameshuka bandarini na mwavuli. Alimwamkia baba yake, akamshika mkono kumtoa kwenye kiti, akamtazama kichwani palipofungwa taulo lililorowa.

"Baba, kofia iko wapi?"

Mzee alikuwa akiupangusa mguu mchanga, mguu wa goti bovu, na alichukua muda wake.

"Muulize nahodha," alisema.

Nilimweleza mke wangu yote usiku ule, pamoja na "juu ndiyo hii", kwa sababu nilijua kwamba angeyasikia kwa upande wa pili kabla ya wiki kwisha. Alilikasirikia neno hilo kuliko kofia. Ameanza kushona nyingine, na mara mbili nimemsikia akipima kichwa changu kwa macho na kusema kwamba kweli ni kikubwa.

Goti limeonwa; mzee amepewa dawa na mazoezi, na ameahirisha kurudi Mkoani. Juzi nilitoka kazini nikamkuta chini ya mwembe na fundi wa baiskeli, kayaki ikiwa imepinduliwa. Pedeli zilikuwa zimefunguliwa na kuwekwa juu ya gunia. Alikuwa akiuliza kama waya za usukani zinaweza kurefushwa hadi kiti cha mbele, na fundi alikuwa akisema kwamba zinaweza, lakini itabidi atoboe matundu mawili zaidi.